Hana Malalamiko

Saa nane na nusu usiku, wagonjwa wote ishirini na wawili wa wodi yangu walikuwa wameshalala vizuri mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo mafaili yao yalivyosema, na niliyeyaandika ni mimi, nimekaa kwenye meza ya katikati, kalamu mkononi, chai ikipoa kando. Zilikuwa zimebaki saa nne nzima kabla ya kukucha. Namba tatu alikuwa anakohoa. Namba kumi na nne aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliye macho, akajibiwa na watu watatu. Nikafungua faili la mwisho, nikaandika nilichoandika katika mengine yote: Amelala vizuri. Hana malalamiko.

Nisije nikaitwa mwongo kabla sijaeleza. Zamu yetu ya usiku ina mtu mmoja, na ikifika saa kumi na moja alfajiri wodi inageuka soko. Kuna vipimajoto vya kutia kwapani, dawa za asubuhi, mashuka ya kubadilisha, wasiojiweza wa kuogesha, mabeseni ya kumwaga. Saa moja kamili wenzetu wa mchana wanaingia na wanataka mafaili yakiwa tayari. Kwa hiyo ripoti ya usiku tunaiandika usiku wenyewe ukiwa haujaisha, wakati kumetulia. Nilifundishwa hivyo na aliyenitangulia kazini, naye alifundishwa na wa kabla yake, nami kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha wengi walionifuata. Jambo likitokea baadaye, unaongeza mstari chini yake. Kwa kawaida halitokei.

Na kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba hospitalini hakuna anayelala. Taa ya ukumbini haizimwi. Troli letu lina gurudumu linalolia, na fundi amekuja kuliangalia mara tatu, kila mara akaishia kulisifia uimara. Mgonjwa akibahatika kusinzia saa nne, sisi tunamwamsha ili tumpe kidonge chake cha usingizi. Lugha yetu inasema mtu huyo amelazwa, kana kwamba tumempakata na kumbembeleza, kumbe tumempa tu godoro la plastiki linalomtoa jasho na jirani anayeota kwa sauti. Nilikuwa nikiwatania wageni kwamba anayetaka kulala arudi kwao. Walicheka, nami nilicheka nao.

Kitanda namba saba alilazwa mama mmoja mshonaji, mwenye kidonda mguuni kilichogoma kupona. Nilimpa jina la Mama Pindo, kwa sababu shuka lolote ulilomfunika, kwanza alilipapasa ukingoni kwa vidole viwili, akitafuta mahali uzi ulipolegea. Aliniambia usiku wa kwanza kwamba aliyeshona mashuka ya hospitali yetu bila shaka alikuwa na safari inamngoja. Hakuwa mtu wa kusumbua. Alikuwa na miaka sitini na ushei, na binti mmoja tu, mwalimu, aliyekuja kila jioni akikaa mpaka kengele ya wageni ilipolia.

Usiku ule ule wa kwanza, nilipopita na tochi, nilimkuta amekaa. Miguu inaning'inia pembeni mwa kitanda, mto ameukumbatia kifuani. Nilimuuliza kulikoni, akasema akilala chali pumzi inamkimbia. Nikamwongezea mto wa pili, nikamwambia ni ugeni wa mahali, atazoea. Usiku wa pili nilimkuta vile vile, akaniambia yale yale, nami nilikuwa na mgonjwa anayetapika kule namba kumi, nikamjibu kwa mkato kwamba ajaribu kufumba macho. Usiku wa tatu hakuniambia kitu. Alikuwa amekaa, vidole viko kwenye pindo la shuka, na nilipommulika alinitazama kama mtu anayeomba radhi. Nikapita. Faili lake nilikuwa nimeshalijaza.

Niseme hapa ninachokijua, kwa sababu nilikijua hata wakati ule. Mtu anayeshindwa kulala chali, akakesha ameketi ili apate pumzi, mara nyingi ni moyo unamlemea. Hilo wanafundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nalo kichwani, nimelifunika na mengine. Niliambiwa baadaye kwamba daktari alipokuwa akipita saa tatu asubuhi, kila siku alimkuta Mama Pindo anasinzia kwenye kiti, maana mchana, akiwa ameketi, ndipo alipoibaiba usingizi wake. Daktari alisoma mstari wangu, akakikagua kidonda, akaona miguu imevimba akasema ni kidonda hicho hicho, kisha akatania kwamba mama huyu anauchapa usingizi usiku na mchana. Hakuwa na sababu ya kupima kingine. Sababu hiyo ilikuwa kwangu, nami sikuiandika.

Jioni ya nne niliingia zamu mapema. Binti yake alinifuata mezani, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akaniomba alale na mama yake usiku huo, hata sakafuni. Alisema uso wa mama yake umechoka na hajui kwa nini, maana yeye mwenyewe akiulizwa anasema hajambo. Kanuni za wodi haziruhusu, lakini nimewahi kuwaruhusu wengine. Badala yake nilifungua faili nikamsomea mistari yangu mitatu ya siku tatu.

"Mama yako analala kutushinda sisi wote," nikamwambia. "Nenda nyumbani mwanangu, kapumzike."

Uso wake ulikunjuka. Alinishukuru, akarudi kitandani kumwinamia mama yake na kumwambia kitu sikioni, kisha akaenda zake.

Saa kumi na moja alfajiri nilipofika namba saba na kipimajoto, Mama Pindo alikuwa amekaa. Kichwa kimeegemea ukuta, mto ungali kifuani, mkono wake una baridi. Sikupiga kelele. Nilifanya jambo moja kabla ya kumwita daktari, na hilo ndilo linalonila mpaka leo: nilimlaza. Nilimnyoosha miguu, nikautia mto chini ya kichwa, nikamfunika mpaka kidevuni. Kumlaza marehemu ni sehemu ya kazi yetu na hakuna ambaye angeniuliza. Lakini mimi najua sikumlaza kwa heshima. Nilimlaza ili afanane na faili lake, ambalo tangu saa nane na nusu lilikuwa linasema usiku wake umekwenda salama.

Daktari wa zamu alikuja, akasikiliza kifua, akasoma ripoti, akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaongeza mstari chini: Saa 11:10 alfajiri amekutwa hana pumzi. Familia iliambiwa amefariki usingizini. Nilisikia binti alilia sana, halafu akasema afadhali, kama ni hivyo hakuteseka.

Tangu siku hiyo sijui nilale vipi. Nikirudi nyumbani asubuhi nafunga mapazia, najinyoosha, na dakika hiyo hiyo pumzi inanikimbia. Nimepimwa, moyo wangu hauna neno. Nimepanga mito mitatu, najiegemeza, nangoja, na mchana unapita bila lepe la usingizi. Mwanzoni mume wangu alinitania kwamba nimekuwa malkia anayengoja kuletewa kifungua kinywa. Siku ya nne aliacha utani, akawa ananitazama tu kutoka mlangoni.

Wodini ni vibaya zaidi. Namba saba sasa yupo msichana aliyevunjika mkono, analala usingizi wa pono, mdomo wazi. Hata hivyo kila nikipita, kabla mwanga wa tochi haujafika pale, namwona mtu amekaa. Miguu inaning'inia. Mwanga ukifika, ni msichana. Usiku mmoja nilisikia vidole vinapapasa kitambaa, sauti ndogo, kavu, ya mtu anayetafuta uzi uliolegea. Nilizunguka kitanda hadi kitanda nikimulika mikono ya watu, na yote ilikuwa imetulia juu ya mablanketi. Niliogopa, sitaficha. Nimekaa na marehemu wengi katika kazi hii na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata.

Niliacha kuandika mapema. Naandika alfajiri, nimesimama, beseni mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, na naandika nilichokiona. Ameamka mara sita. Amelia akidhani hasikiki. Hakusema kwamba anaogopa operesheni, ila ameuliza saa mara tisa. Matroni, mkuu wetu, aliniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba madaktari wamemwomba anikumbushe ripoti si riwaya. Akaniuliza kama nahitaji likizo. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu, na nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nikaaga. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na jambo likijulikana leseni yangu haitapona. Hilo lilinizunguka kichwani kuliko nilivyopenda kukiri.

Wiki tatu zilipopita, binti alikuja.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, nimeshakabidhi zamu, nabadilisha viatu katika chumba cha wauguzi. Alibisha akaingia kabla sijaitikia. Sikumtambua upesi. Alikuwa amepungua, blauzi imemlegea mabegani, na macho yake yalikuwa na wekundu ninaoujua kutoka kwenye kioo changu mwenyewe. Nikampa kiti chetu cha mikono, kile tunachokigombania wakati wa mapumziko. Akakaa ukingoni kabisa, mgongo wima.

Aliomba radhi kwa kunichelewesha kwenda nyumbani. Alisema amerudi shuleni lakini hafundishi kitu. Majuzi alisimama ubaoni katikati ya sentensi akasahau inakwenda wapi, na watoto wakakaa kimya kwa adabu wakimngoja. Daktari amempa vidonge, havimsaidii. Ndugu zake wanamwambia ni huzuni, itapita. Yote haya aliyasema akitazama sakafu. Kisha akaniangalia.

"Nikifumba macho namwona amekaa," akasema. "Kila siku. Amekaa pembeni mwa kitanda, miguu inaning'inia, amekumbatia mto. Haongei. Ananiangalia tu."

Habari ya mto sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, si daktari, si mume wangu.

"Nawaambia nyumbani," akaendelea, "wananiambia mama alifariki usingizini, mbona unajitesa. Na mimi najua, sista, maana ulinisomea mwenyewe kwenye faili. Sasa nimeanza kujiogopa. Nimekuja uniambie tena. Niambie ulimwona amelala, kwa macho yako. Labda nikisikia kwako nitaacha kumwona."

Alichoomba kilikuwa kidogo. Sentensi moja tu, na ningeipata bila kuitafuta. Angenishukuru kama alivyonishukuru jioni ile, angeondoka, na faili lingenitetea mpaka siku ya kuagwa kwangu kazini. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyowahi ulimini yalikuwa yale yale. Miaka ishirini na sita si mchezo. Lakini nilimwona alivyokaa, hathubutu hata kuegemea, na nikaelewa nitakachomfanyia. Huyu alikuwa anaona kweli tupu, na watu wote wanaompenda walikuwa wanamwambia ni uzushi wa kichwa chake. Nikisema aliyotaka niseme, atatoka mlangoni akiamini akili zake zimemruka, na aliyemthibitishia atakuwa mimi.

"Alikuwa amekaa," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Nikapiga moyo konde, nikamwambia tena, na safari hii sikusimama. Nilimweleza usiku wa kwanza na mto wa pili, usiku wa pili na jibu langu la mkato, usiku wa tatu nilipopita bila neno. Nilimweleza kwamba mstari aliosomewa uliandikwa kabla usiku haujaisha, kama inavyoandikwa mistari yote. Nilimweleza moyo unaomlemea mtu unavyomfanya akae, na kwamba kama ningeandika nilichokiona, daktari angempima, na pengine, sikuweza kumwahidi zaidi ya pengine, angekuwa hai. Mwisho nikamweleza nilivyomkuta na nilivyomlaza.

Alihesabu kwa vidole juu ya mkoba wake.

"Siku zote nne?" akauliza.

"Zote nne."

"Na mimi nilikuomba nilale naye."

"Uliniomba."

"Kwa nini hukuandika?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nayo mengi: mtu mmoja kwa wagonjwa ishirini na wawili, yule wa namba kumi aliyekuwa akitapika, uchovu, desturi tuliyoikuta. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna lililokuwa lenyewe.

"Nilikuwa nimeshaandika," nikasema.

Alijifunika uso kwa viganja. Nilidhani atanipiga, na ukweli ni kwamba nilitamani anipige. Alipoondoa mikono, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kwa hiyo mimi si mwendawazimu."

"Hapana, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

"Nisamehe."

Akaniuliza kama usiku wa mwisho mama yake alisema lolote. Nilikuwa nalo, nimelificha mahali ambapo hata mimi nilikuwa sifiki, lakini lilikuwa lake, si langu. Nikamwambia kwamba saa saba za usiku nilipita, mama yake akanishika mkono wa sare, nikadhani ataniambia habari ya pumzi. Hakusema habari hiyo. Aliniuliza kama binti yake atakuwa ameshafika nyumbani. Nikamjibu kwamba amefika zamani, na sasa amelala. Akaniachia.

Hapo ndipo alipolia. Alilia bila kujificha, kwa sauti, na mimi sikumsogelea kwa sababu sikuwa na haki hiyo. Nilisukuma tu kasha la karatasi laini karibu na kiti chake. Wauguzi wawili wa mchana walichungulia mlangoni, nikawapa ishara waende.

Alipomaliza alijifuta, akakunja karatasi ile mara nne, akaniuliza mkubwa wangu anaingia saa ngapi.

"Saa mbili."

"Nitamsubiri. Nitamwambia yote uliyoniambia."

"Mwambie. Nami nitakuwepo."

"Usitoke hapa."

"Sitoki."

Akajiegemeza. Ilikuwa mara ya kwanza mgongo wake kugusa kiti tangu aingie. Alikaza macho kwenye saa ya ukutani, amefumbata mikono juu ya mkoba, amekunja uso kama mtu anayepanga maneno yake yakae sawa. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Niligeuka kuchomoa birika la umeme lililokuwa linaanza kuvuma, na nilipogeuka tena kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega la kushoto. Nilishtuka mno. Nilipiga hatua mbili nikamwinamia, sikio karibu na mdomo wake, mpaka nikasikia pumzi. Ilikuwa nzito, ndefu, ya mtu aliyefika mbali.

Mkoba wangu ulikuwa juu ya ndoano karibu na mlango. Mafaili ya wagonjwa waliotoka na waliofariki yako chumba cha pili, na ufunguo ninao. Sitasema sikufikiri. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, nikaanza kumhesabia pumzi kama tunavyofanya kazini: kumi na nne kwa dakika, kisha kumi na tatu. Mkoba wake ulipoanza kumteleza magotini niliushika, nikauweka sakafuni bila kishindo. Simu ya chumba ilipolia niliinyanyua kabla ya mlio wa pili, nikairudisha. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu macho yangu yalikuwa yananiuma kwa usingizi wa kawaida, ule unaomjia kila mtu. Sikuufuata. Zamu hii haikuwa ya kulala.

Saa mbili na dakika tano matroni alifungua mlango, shada la funguo likilia mkononi. Alimwona mgeni kwenye kiti, akaniona mimi kwenye kigoda, sare sijavua.

"Nani huyo?" akauliza. "Mgonjwa?"

"Hapana," nikamjibu kwa kunong'ona. "Amekuja kunishitaki kwako, na ana haki. Naomba tu tumwache kwanza alale."

Matroni alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akazifumbata funguo kiganjani zisilie, akafunga mlango taratibu, yeye akiwa ndani.